Dalili za hatari kwa mjamzito: za kukimbilia hospitali usiku huohuo, na za kuwahi kesho asubuhi

Tanzania imepiga hatua kubwa katika uzazi salama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuwa umekuta 556. Hata hivyo kutokwa damu na kifafa cha mimba bado vinaondoa akina mama, na kifafa cha mimba mara nyingi hutanguliwa na dalili ambazo mtu wa kawaida nyumbani anaweza kuziona kwa macho yake.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutoka nyumbani, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa pili na wa tatu unahitaji barabara, gari, damu na daktari wa zamu. Ule wa kwanza uko mikononi mwenu, wewe na watu wa nyumbani kwako. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia hapo kabla ya kufika kwenye dalili zenyewe.

Hatua ya kwanza: ruhusa itolewe kabla ya dharura

Kaeni chini, wewe na mwenzio, na kama mnaishi na mama mkwe au shangazi naye awepo. Mkubaliane jambo moja: dalili kubwa ikitokea, mjamzito anaondoka. Anaondoka hata kama baba yuko safarini, simu yake haipatikani, au hela bado inatafutwa. Katika nyumba nyingi mke anamngoja mume arudi kutoka shambani au ziwani, mume naye anataka kwanza kusikia mama yake anasemaje, na mama mkwe anakumbuka kwamba yeye alijifungua watoto saba na hakuwahi kulazwa. Wote wanamtakia mema. Lakini wakati wanashauriana, damu inaendelea kutoka.

Baada ya hapo, mwulize muuguzi wa kliniki swali hili: "Upasuaji wa dharura na damu ya kuongezewa vinapatikana kituo gani karibu na kwangu?" Zahanati haifanyi upasuaji. Vituo vya afya, baadhi vina chumba cha upasuaji na vingine havina. Jibu liandike nyuma ya kadi ya kliniki. Hii haina maana kwamba uiruke zahanati iliyo jirani. Ukiwa na hali mbaya na hospitali iko mbali, zahanati ndiyo itakayokutundikia dripu, kukupa dozi ya kwanza ya dawa, na kukuandikia rufaa huku wakipiga simu kule mbele wakupokee.

Andika pia namba za madereva wawili wa bajaji, bodaboda au gari wanaokubali kuamshwa usiku. Wawili, maana mmoja anaweza kuwa amezima simu. Tafuta ndugu wawili wenye afya walio tayari kuchangia damu. Weka akiba kidogo kwenye simu na usiiguse. Mfuko wenye kanga safi, pedi na kadi ya kliniki ukae mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua kuanzia mwezi wa saba wa ujauzito.

Tanzania kuna M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Unapiga 115 bila malipo, unaulizwa maswali machache kuhusu hali ya mgonjwa, kisha linatafutwa gari la wagonjwa. Lisipokuwepo karibu, anatumwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, na nauli yake inalipwa na mfumo wenyewe. Namba hiyo iwekwe kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani, hata ile ya kitochi ya bibi.

Kuna wanawake ambao hawatakiwi kabisa kungoja uchungu uwakutie mbali na hospitali: aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, mwenye mapacha, aliyewahi kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mwenye presha, kisukari, selimundu au ugonjwa wa moyo, binti mdogo chini ya miaka 18, na aliyekwisha kuzaa mara tano au zaidi. Kwa aliyepasuliwa, kovu la kizazi linaweza kuachia wakati wa uchungu, na hapo muda wa kumwokoa ni mfupi mno. Wiki za mwisho sogea kwa ndugu anayekaa karibu na hospitali, au uliza kama kuna nyumba ya wazazi ngojea, ambayo sehemu nyingine huitwa chigonela.

Hatua ya pili: ijue hali yako ya kawaida

Huwezi kutambua kilichobadilika kama hujui ulianzia wapi. Anza kliniki kabla ya wiki 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane, na katika kila hudhurio kuna majibu ambayo una haki ya kuambiwa kwa maneno, si kuandikiwa tu.

Presha yako ni ngapi? Ikifika 140 kwa 90 au ikazidi, hata namba moja tu kati ya hizo mbili, inahitaji kufuatiliwa. Ikifika 160 kwa 110 hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, hata kama unajisikia mzima kabisa. Mkojo una protini? Protini pamoja na presha baada ya wiki ya 20 ndiyo njia inayoelekea kwenye kifafa cha mimba.

Wingi wa damu ni kiasi gani? Chini ya 11 ni upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali unaohitaji hospitali. Mwenye damu kidogo akitokwa na damu hata ya kiasi anazidiwa haraka kuliko mwenzake, kwa hiyo vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vinywe, na usivishushie chai kwa sababu chai inazuia madini hayo kufyonzwa. Kama una hamu kubwa ya kula pemba au udongo, mwambie muuguzi bila aibu. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu.

Kundi lako la damu ni lipi, chanya au hasi? Mwenye kundi hasi akitokwa na damu wakati wa ujauzito, au akianguka na kuumia tumbo, huenda akahitaji sindano maalumu ya kulinda mimba zijazo.

Hatua ya tatu: dalili ambazo hazisubiri kupambazuke

*Kichwa, macho, na upande wa kulia chini ya mbavu.* Naanza na hizi kwa sababu ndizo zinazopuuzwa zaidi. Baada ya wiki ya 20, kichwa kinachouma sana na kisichotulia kwa panadol, macho kuona ukungu, vimulimuli au giza, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, na uso au mikono kuvimba ghafla ni dalili za presha ya mimba iliyopanda. Si lazima zote ziwepo. Moja inatosha kukutoa nyumbani. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi na hupungua ukilala. Lakini ukiamka asubuhi uso umejaa, pete haitoki kidoleni, usikubali kuambiwa kwamba ni mapacha hao. Kapime presha.

Presha hiyo isipodhibitiwa, mama anaweza kukakamaa, kutetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu. Kuna familia zinazosema ni mapepo au karogwa, zikampeleka kwanza kwa mganga. Ni kifafa cha mimba, na dawa yake ni magnesiamu salfeti, sindano inayopatikana vituoni na inayozuia asirudiwe. Akipata kifafa mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, na usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Usimnyweshe chochote. Hata kikiisha na akazinduka, safari ya hospitali iko palepale, maana kinaweza kurudi.

*Damu.* Katika miezi mitatu ya kwanza matone machache si lazima yawe na maana kwamba mimba inatoka, lakini mhudumu lazima akuangalie. Iliyo hatari zaidi kipindi hicho ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Maumivu makali ya tumbo la chini, mara nyingi upande mmoja, kizunguzungu, kuzirai, na wakati mwingine maumivu kwenye ncha ya bega yasiyo na sababu. Damu ya ukeni inaweza kuwa kidogo tu huku tumbo linajaa damu kwa ndani. Huyu anahitaji upasuaji, na anahitaji haraka. Mwanamke anaweza kuwa hajui hata kama ana mimba, kwa hiyo aliyepitiliza siku zake akipata maumivu ya namna hii aseme amepitiliza.

Baada ya miezi mitano, damu yoyote ni ya kwenda hospitali, iwe na maumivu au isiwe nayo. Damu nyekundu isiyo na maumivu inaweza kutoka kwenye kondo la nyuma lililotangulia mbele ya njia ya mtoto. Tumbo kuwa gumu kama ubao, maumivu yasiyoachia, na damu nyeusi au hata isiyoonekana, hiyo inaweza kuwa kondo lililoachia kabla ya wakati. Mtu yeyote, awe mkunga wa jadi au ndugu mwenye uzoefu, asiingize vidole ukeni "kuangalia njia". Kama kondo liko mbele, kidole kimoja kinaweza kufungulia damu isiyozuilika.

*Mtoto amepunguza kucheza.* Wengi huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 24. Kuanzia wiki ya 28 utakuwa umezoea mtindo wake: yupo anayecheza zaidi usiku, yupo anayeamka ukila. Kinachotakiwa ni kuufahamu mtindo huo. Ukiona amepungua, lala ubavu wa kushoto mahali patulivu na umfuatilie kwa saa mbili. Kama hujahisi kucheza mara kumi, au moyo wako unakuambia kuna tofauti, nenda wakapime mapigo ya moyo wake, na usingoje kesho. Na kama hasikiki kabisa, usianze kuhesabu, ondoka. Kauli kwamba mtoto hutulia karibu na kuzaliwa kwa sababu nafasi imekwisha si sahihi. Anaweza kubadilisha namna ya kujisogeza, lakini haachi.

*Chupa kuvunjika.* Maji yakitoka kabla ya wiki 37, au yakitoka wakati wowote bila uchungu kuanza, nenda. Weka pedi au kitambaa safi ili mhudumu aone rangi. Usijamiiane, usikae kwenye beseni la maji, usiingize kitu. Maji ya kijani au kahawia yanaonyesha mtoto amejisaidia tumboni na huenda amechoka. Maji yenye harufu mbaya ni maambukizi. Ukiona kitovu cha mtoto kimetangulia, piga magoti, inamisha kifua hadi chini ili makalio yawe juu, mtu apige 115, na ubaki ukiwa umeinama au umelala ubavu huku mto ukiinua makalio mpaka ufike.

*Homa kali, kupumua kwa shida, kupigwa au kuanguka.* Joto la nyuzi 38 au zaidi ni la kupimwa malaria siku hiyohiyo. Malaria kwa mjamzito inakula damu haraka na inaweza kutoa mimba. Kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, maumivu ya kifua, au mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto kuliko mwenzake kunaweza kuwa damu iliyoganda, na hilo huua ghafla. Ukianguka kwenye bodaboda au ukipigwa tumboni, nenda hata kama huoni jeraha. Na kama aliyekupiga ndiye anayekusindikiza, omba kuzungumza na muuguzi peke yako.

Hatua ya nne: za kesho asubuhi

Nyingine zinaweza kungoja kituo kifunguliwe, lakini si kungoja tarehe ya kliniki. Mkojo unaochoma au kukupeleka chooni kila dakika. Uchafu ukeni wenye harufu au muwasho. Kuwashwa viganja na nyayo hasa usiku bila vipele, jambo ambalo linaweza kutokana na ini. Uchovu usioisha huku viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe. Kutapika kupita kawaida nako ni hapa, ila ukipitisha saa 24 hakuna hata maji yanayokaa tumboni, au mkojo umekuwa mweusi na kidogo, hiyo imeshapanda daraja, nenda leo. Tumbo kukaza na kuachia mara kwa mara kabla ya wiki 37 nalo ni la leo, kwa sababu zipo sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na zinataka muda kufanya kazi.

Huzuni nzito inayodumu zaidi ya wiki mbili ni ugonjwa kama mwingine na inatibika. Mama akisema anawaza kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe usiku huohuo.

Hatua ya tano: wakati usafiri uko njiani

Alale ubavu, ikiwezekana wa kushoto. Kulala chali kunabana mshipa mkubwa wa damu na kumfanya azidi kuishiwa nguvu. Mfunike apate joto. Kama anatokwa na damu au ana maumivu makali, asile, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji. Pedi na kanga zilizolowa zisitupwe. Ziwekwe kwenye mfuko ziende naye, mhudumu akadirie damu iliyopotea.

Panadol inaruhusiwa kwa maumivu na homa. Diklofenaki na ibuprofeni zisitumike bila kuandikiwa, hasa baada ya wiki ya 20. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu nakusihi uziache kabisa. Nyingine hukaza kizazi kwa nguvu isiyopimika, kikapasuka au mtoto akakosa hewa, na mtu aliyekupa hana namna ya kuzitoa mwilini. Kama umeshakunywa, mwambie mhudumu ukweli. Atakusema pengine, lakini atajua anashughulika na nini.

Bodaboda si usafiri mzuri kwa anayetokwa damu au aliyepata kifafa, anaweza kuzirai na kuanguka. Ikibidi, mtu mzima akae nyuma yake amkumbatie.

Hatua ya sita: namna ya kusema ukifika

Mapokezi yenye foleni ndefu hayawezi kukuona kama umekaa kimya kwenye benchi. Ukisema "najisikia vibaya tu" utasubiri zamu yako. Sema umri wa mimba, dalili, na muda. Kwa mfano: "Dada, nina mimba ya miezi minane. Kichwa kinaniuma tangu jana jioni, nimekunywa panadol haijasaidia, na sasa naona ukungu. Naomba nipimwe presha sasa hivi." Au ndugu aseme: "Huyu ana wiki 34, ametokwa damu tangu saa kumi alfajiri, amelowesha kanga mbili." Kadi itolewe mfukoni papo hapo.

Ukipimwa na kuambiwa uko sawa, uliza: "Nikiona nini nirudi?" Dalili ikirudi, rudi, hata kama ni siku hiyohiyo na hata kama ni muuguzi yuleyule wa zamu. Ukihisi hujasikilizwa, omba kuonana na mkuu wa zamu au mganga mfawidhi. Msindikizaji mwenye sauti ya upole lakini asiyekata tamaa ana thamani kubwa kuliko msindikizaji mwenye hela.

Baada ya kujifungua, hadi siku ya 42

Wengi wakishamwona mtoto wanadhani safari imekwisha, nguvu zote zinahamia kwenye uji na kumwogesha mtoto. Lakini saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya kutokwa damu. Pedi kubwa ikilowa yote ndani ya saa moja, mabonge makubwa yakitoka, au mama akianza kutoa jasho la baridi na kuona giza, ni dharura. Kumnyonyesha mtoto kunasaidia kizazi kukaza, basi anyonyeshe huku gari linatafutwa.

Kifafa cha mimba pia kinaweza kumpata mama ambaye tayari amejifungua, hata aliyekuwa na presha nzuri muda wote wa ujauzito. Kichwa kikali na macho yenye ukungu siku ya tano ni kitu kilekile. Homa pamoja na maumivu ya tumbo la chini na uchafu unaonuka ni maambukizi ya kizazi. Kidonda cha upasuaji kikianza kutoa usaha, au titi likiwa jekundu na gumu pamoja na homa, usikande tu kwa maji ya moto ukangoja.

Na ukifika mapokezi kipindi hicho, tumbo limeshapungua na mtoto ameachwa nyumbani kwa bibi, hakuna atakayejua kwa kukutazama. Kabla hujataja kinachokuuma, sema: "Nimejifungua siku sita zilizopita."